Frances Perkins na Mlango Uliofungwa kwa Kufuli

Tarehe 4 Machi 1933, Marekani ilipata mwanamke wa kwanza katika baraza lake la mawaziri. Jina lake Frances Perkins, na wizara aliyokabidhiwa ilikuwa ya Leba. Hapa kwetu Kenya tulingoja miaka 62 zaidi, hadi Nyiva Mwendwa alipoteuliwa waziri mwaka wa 1995.

Lakini kuwa wa kwanza si sababu ya kumleta mtu katika safu hii. Wa kwanza ni wengi, na baadhi yao hawakuacha kitu ila picha ukutani. Perkins alikaa kwenye kiti hicho miaka 12, muda ambao hakuna waziri mwingine wa leba wa nchi hiyo amewahi kuufikia, na sheria zilizopitia mikononi mwake zingali zinawalipa watu pesa kila mwezi. Kwa mkaazi anayeajiri au anayeajiriwa, maisha yake ni somo zuri kuhusu sheria za kazi: hutoka wapi, hupatikana kwa bei gani, na nani huachwa nje zinapoandikwa.

Moto wa Triangle

Jumamosi ya 25 Machi 1911, Perkins alikuwa nyumbani kwa rafiki yake jijini New York wakinywa chai. Alikuwa na umri wa miaka 30. Wakasikia kelele za zimamoto, wakatoka mbio kuangalia. Ng'ambo ya uwanja wa Washington Square, orofa za juu za jengo liitwalo Asch zilikuwa zinawaka. Orofa ya 8, 9 na 10 zilikuwa za kiwanda cha Triangle kilichoshona blauzi za wanawake. Washonaji wengi walikuwa wasichana wahamiaji, Wayahudi kutoka Ulaya Mashariki na Waitaliano, wengine bado watoto kwa hesabu ya leo.

Moto ulianzia orofa ya 8, kwenye mabaki ya vitambaa. Waliokuwa orofa ya 9 walikimbilia mlango mmoja wa ngazi wakaukuta umefungwa. Wenye kiwanda walitaka wafanyakazi wote watokee upande mmoja jioni ili mikoba ipekuliwe, wasije wakatoka na vitambaa. Ngazi ya chuma ya nje ya jengo ilikunjika na kuporomoka kwa uzito wa watu. Ngazi za zimamoto nazo zilifika orofa ya 6 tu. Wasichana wakaanza kuruka kutoka madirishani, wengine wameshikana mikono, na Perkins amesimama chini barabarani anawaona. Muda usiofika nusu saa ulitosha. Walikufa watu 146, na 123 kati yao walikuwa wanawake na wasichana.

Chini ya miaka miwili kabla ya siku hiyo, wafanyakazi wa Triangle walikuwa wamegoma pamoja na maelfu ya washonaji wengine wa jiji hilo, wakidai mshahara bora na saa chache za kazi. Viwanda vingi vidogo vilikubali kuelewana na chama chao. Triangle ilikataa kukitambua.

Wamiliki wawili wa kiwanda walishtakiwa, na Desemba mwaka huohuo wakaachiliwa, kwa kuwa haikuthibitishwa mahakamani kwamba wao wenyewe walijua mlango ulikuwa umefungwa saa ile. Mwaka wa 1914 familia zilizokuwa zimewashtaki kudai fidia zilikubali dola 75 kwa kila maiti. Ninaitaja hesabu hiyo kwa sababu bila sheria ya fidia, bei ya maisha ya mfanyakazi huamuliwa na wakili wa mwajiri na uchovu wa wafiwa.

Mwalimu aliyewapeleka wanafunzi kiwandani

Si kweli kwamba moto ule ndio uliomwamsha Perkins usingizini. Alizaliwa Boston mwaka wa 1880, akasomea chuo cha wanawake cha Mount Holyoke. Huko alijifunza zaidi sayansi, lakini kuna mwalimu wa historia ya uchumi aliyewataka wanafunzi wake waende viwandani karibu na chuo, wajionee hali ya kazi, kisha waandike walichokiona. Binti wa familia ya duka la vifaa vya kuandikia aligundua kwamba umaskini hauletwi na ulevi wala uvivu peke yake, kama alivyokuwa amesikia nyumbani. Mfanyakazi mwenye bidii aliyekatwa mkono na mashine huwa maskini papo hapo.

Baadaye, mwaka wa 1907, alichukua kazi katika jiji la Philadelphia. Kazi yenyewe ilikuwa kuchunguza mawakala wa ajira na nyumba za kulala wageni zilizowanasa wasichana waliofika mjini kutafuta kazi, wahamiaji kutoka ng'ambo na wasichana Weusi kutoka majimbo ya kusini. Waliahidiwa kazi za nyumbani, wakajikuta wananyonywa au wanauzwa. Msomaji aliye na ndugu aliyesafiri Ghuba kupitia wakala asiyejulikana haitaji kuelezwa zaidi. (Siku hizi wakala halali lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Uliza usajili huo kabla ya kutoa pasipoti au pesa.)

Alipohamia New York alifanya kazi na shirika la kutetea watumiaji bidhaa, akikagua viwanda vya mikate vilivyofichwa chini ya majengo na kuwafuata wabunge wa jimbo hilo mjini Albany. Kwa hiyo siku ya Triangle, mtu aliyekuwa akitazama wasichana wakiruka alijua tayari ni mlango gani wa kubisha.

Seneta atambaa kwenye tundu

Jimbo la New York liliunda tume ya kuchunguza viwanda, ikiongozwa na wanasiasa wawili, Robert Wagner na Al Smith. Perkins alikuwa mmoja wa wachunguzi wake. Wangeweza kuketi ofisini wakasomewa ripoti. Yeye aliwapeleka wakaone. Alimpeleka Smith kiwanda cha kamba awaone wanawake wakitoka zamu ya usiku, wamechoka kama magunia. Aliwapeleka wajumbe asubuhi na mapema wawaone watoto wadogo wakikata maharagwe katika kiwanda cha kusindika mboga. Na katika kiwanda kimoja alimfanya Wagner, seneta mzima wa jimbo, atambae kupitia tundu dogo ukutani ambalo mwenye kiwanda aliliita njia ya dharura, atokee nje kwenye ngazi iliyofunikwa barafu ambayo haikufika chini.

Hili ndilo ninalolipenda zaidi katika kazi yake. Mheshimiwa aliyesomewa ripoti husahau ukurasa. Aliyechanika suruali kwenye tundu la moto hasahau. Wagner huyo ndiye baadaye, akiwa seneta wa taifa, aliyetunga sheria ya 1935 iliyowapa wafanyakazi wa Marekani haki ya kuunda vyama na kujadiliana na waajiri.

Tume ilizaa sheria zaidi ya 30. Milango ya viwanda isifungwe watu wakiwa ndani, na ifunguke kwa urahisi. Wafanyakazi wafanye mazoezi ya kutoka wakati wa moto. Majengo marefu yawe na mabomba ya kunyunyiza maji. Wakaguzi waongezwe. Sheria hizo ziliigwa na majimbo mengine.

Mkate nusu

Wakati huohuo alikuwa akipigania mswada wa kupunguza wiki ya kazi ya wanawake na vijana hadi saa 54. Wapinzani wakatumia ujanja: wakapitisha mswada wenye kifungu kinachowatoa nje wanawake wa viwanda vya kusindika vyakula, wakitarajia kwamba watetezi wangeukataa na hivyo lawama ziwaangukie wao. Perkins alitakiwa kuamua palepale. Akaukubali. Wanawake wapatao 400,000 walipata nafuu hiyo mwaka wa 1912, na wale wa viwanda vya vyakula wakabaki nje.

Wenzake kadhaa walikasirika. Tutaona jambo hilohilo likimrudia miaka 23 baadaye, kwa kiasi kikubwa zaidi.

Kuna kisa kingine cha siku zake za Albany. Aligundua kwamba wanasiasa wanaume walimsikiliza vizuri zaidi walipomwona kama mama yao. Tangu hapo alivaa nguo nyeusi za kawaida na kofia yenye pembe tatu, ingawa hakuwa amefika hata miaka 35, na akaanza kuandika kumbukumbu kuhusu namna wanaume wanavyofikiri. Wapo watakaosema alijidunisha. Mimi naona alisoma mazingira yake kama mkulima anavyosoma mawingu. Alipoolewa mwaka wa 1913 alikataa kubadilisha jina, akaligombania hadi mbele ya sheria. Mumewe aliugua maradhi ya akili miaka michache baadaye, na mzigo wa kumlea binti yao na kulipa bili ukawa wake yeye.

Karatasi yenye orodha

Al Smith alipokuwa gavana alimteua Perkins kwenye tume ya viwanda ya jimbo mwaka wa 1919. Gavana aliyemfuata, Franklin Roosevelt, akamfanya mkuu wa idara nzima ya leba ya New York mwaka wa 1929. Mwaka uliofuata Rais Hoover alitangaza kwamba ajira zimeanza kurudi baada ya kuporomoka kwa uchumi. Perkins alikagua takwimu, akaona si kweli, akawaita waandishi wa habari na kusema hivyo. Ofisa wa jimbo alikuwa amemkosoa rais wa nchi hadharani kwa kutumia hesabu tu.

Roosevelt aliposhinda urais na kumwita Februari 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini humo hakuwa na kazi. Perkins alimwendea na orodha. Alitaka wiki ya kazi ya saa 40, mshahara wa kima cha chini, kukomeshwa kwa ajira ya watoto, fidia kwa wanaoumia kazini, bima kwa wanaopoteza kazi, malipo ya uzeeni na bima ya afya. Akamwambia rais mteule kwamba kama hayuko tayari kuyaunga mkono hayo, basi atafute mtu mwingine. Roosevelt akakubali. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi ndio walionung'unika, maana walitaka mwanamume kutoka vyama vyenyewe.

Miezi michache baadaye alienda Homestead, mji wa viwanda vya chuma jimboni Pennsylvania, kusikiliza wafanyakazi. Ukumbi ulijaa na wengi wakabaki nje. Meya alikataa wasiingie, akidai hao ni wachochezi. Perkins akasema atawasikiliza bustanini. Meya akasema bustani ina sheria zake. Waziri akaangalia huku na huku, akaiona bendera ya taifa ikipepea juu ya ofisi ya posta. Posta ni mali ya serikali kuu, na meya hana amri humo. Akawaongoza watu wote hadi posta, akapanda juu ya kiti, wakazungumza naye hadi walipomaliza.

Walioachwa nje

Juni 1934 Roosevelt aliunda kamati ya kuandaa mpango wa hifadhi ya jamii, mwenyekiti Perkins. Hofu kubwa ilikuwa kwamba Mahakama ya Juu ingeifuta sheria yoyote ya namna hiyo. Perkins alisimulia baadaye kwamba jaji mmoja wa mahakama hiyo alimnong'oneza kwenye karamu ya chai kwamba jibu lilikuwa katika mamlaka ya serikali ya kutoza ushuru. Ndivyo walivyofanya. Mfanyakazi na mwajiri kila mmoja angekatwa kiasi sawa kutoka kwenye mshahara, na fedha hizo zingelipa wazee. Sheria ilitiwa saini tarehe 14 Agosti 1935. Hundi ya kwanza ya kila mwezi ilitolewa Januari 1940 kwa Ida May Fuller wa jimbo la Vermont, dola 22 na senti 54. Mama huyo aliishi hadi miaka 100, akiipokea.

Bima ya afya ilianguka njiani kwa upinzani wa chama cha madaktari. Na wakulima walioajiriwa pamoja na wafanyakazi wa nyumbani waliondolewa. Kamati ya Perkins ilikuwa imependekeza waingizwe. Wizara ya Fedha ikasema itakuwa vigumu kukusanya makato kutoka kila shamba na kila jikoni, na wabunge wa majimbo ya kusini, waliokuwa na nguvu kubwa bungeni, hawakutaka mfanyakazi Mweusi awe na kipato kisichotoka mkononi mwa bwana wake. Wanahistoria wanabishana hadi leo ni sababu ipi kati ya hizo iliyokuwa na uzito zaidi. Matokeo hayabishaniwi: kazi hizo mbili ndizo zilizowaajiri Wamarekani Weusi wengi zaidi. Perkins akakubali, kama alivyokubali mwaka wa 1912.

Sheria ya viwango vya kazi ya 1938 ilifuata mkondo uleule. Iliweka mshahara wa chini wa senti 25 kwa saa, ikapunguza wiki ya kazi hatua kwa hatua hadi saa 40, ikakataza kuajiri watoto wa chini ya miaka 16 katika kazi nyingi. Shamba na nyumba vikaachwa tena.

Je, alikosea? Wanaomtetea husema kwamba mlango ukishafunguliwa kidogo, hufunguka zaidi. Ni kweli kwamba wafanyakazi wa mashambani na wa nyumbani walianza kuingizwa kwenye malipo ya uzeeni kwa marekebisho ya 1950 na 1954. Lakini mfanyakazi wa nyumbani alipata ulinzi wa mshahara wa chini mwaka wa 1974 tu. Mwanamke aliyeanza kufua nguo za wengine akiwa na miaka 20 mwaka 1938 alikuwa na miaka 56. Kwake yeye, kungoja kulikuwa ndiyo maisha yenyewe. Mimi naamini Perkins asingepata sheria yoyote kama angekataa, na naamini pia kwamba mama huyo hakupaswa kulipa gharama hiyo. Sioni haja ya kuchagua moja.

Gharama nyingine aliilipa yeye mwenyewe. Wabunge walimtaka amfukuze nchini Harry Bridges, kiongozi wa wafanyakazi wa bandari ya San Francisco aliyezaliwa Australia, wakidai ni mkomunisti. Perkins alisema hatamfukuza mtu bila ushahidi. Januari 1939 bunge likaletewa hoja ya kumwondoa waziri mwenyewe. Kamati iliyochunguza haikupata kosa, na hoja ikafa. Tulinganishe na Mombasa mwaka wa 1947: baada ya mgomo mkuu uliosimamisha bandari, serikali ya kikoloni ilimkamata kiongozi Chege Kibachia na kumpeleka kizuizini Baringo.

Sheria zetu na mfanyakazi wa nyumbani

Perkins aliondoka wizarani 1945, akafundisha chuoni uzeeni mwake, na kufariki 14 Mei 1965. Mwaka huohuo Kenya ilipitisha sheria iliyoanzisha NSSF, kwa mpango unaofanana na ule wa 1935: mfanyakazi anakatwa, mwajiri anaongeza.

Jambo moja kubwa ni tofauti. Sheria zetu za sasa hazimwachi nje yaya, mpishi, mlinzi wa boma wala kibarua wa shambani. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo, na kwa mama aliyejifungua, miezi 3 yenye malipo kamili. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla ya mwezi mmoja au zaidi hahesabiwi tena kuwa wa siku kwa siku. Mwajiri wa mtu mmoja tu anatakiwa kumsajili NSSF. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira unaofaa na ya kujiunga na chama. Kwa hiyo dada wa kazi katika mtaa wako ana kwenye karatasi kile ambacho mwenzake wa Marekani alikingoja kwa miongo mingi. Kukipata mkononi ni hadithi nyingine, kwa sababu mara nyingi yeye wala mwajiri wake hajui.

Kuhusu milango, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mahali pa kazi pawe na njia za kutokea wakati wa moto, zisizozibwa na zinazofunguka bila shida watu wakiwa ndani. Masuala ya leba ni ya serikali ya kitaifa, ila huduma za zimamoto ziko chini ya kaunti. Ukiona godauni, kiwanda, bweni au duka la jumla ambalo wafanyakazi hufungiwa ndani usiku, ripoti kwa idara ya zimamoto ya kaunti na kwa afisa wa usalama na afya kazini. Sababu ya kufunga huwa ni ileile ya Triangle: kuzuia wizi.

Ukiumia kazini, mwarifu mwajiri mara moja na uhakikishe ajali imeripotiwa kwa idara ya usalama na afya kazini. Ikipita miezi 12 bila kuripotiwa, haki ya fidia hupotea. Kesi ya madai ya kazi nayo lazima ifike mahakamani kabla ya miaka 3 kuisha. Unapoenda kwa afisa wa leba beba kitambulisho, barua ya kazi ikiwa unayo, na chochote kinachoonyesha ulikuwa unalipwa, hata ujumbe wa M-Pesa. Kama huna barua usibaki nyumbani, kwa kuwa kuandika mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi ni jukumu la mwajiri.